Pindo la Suruali

Katika mji mzima hakukuwa na mtahiniwa asiyejali mtihani kama Sudi. Ndivyo alivyojitangaza mwenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa, na tarehe ya mtihani wa kidato cha nne haikuwa imetangazwa hata redioni.

"Mama, kata hii suruali ya shule ushonee barakoa," alisema, akaitupa juu ya cherehani. "Mtihani wenyewe nimeshausahau. Mimi mtu huru."

Mama yake, aliyekuwa akiwashonea majirani barakoa, hakubisha. "Iache hapo, bwana huru."

Sudi akatoka kupiga soga barazani. Alicheka sana, lakini sikio lilibaki ndani, likisikilizia mkasi. Mama alipotoka kupeleka barakoa nyumba ya pili, mtu huru akakimbilia ndani kama aliyesahau sufuria motoni.

Suruali ilikuwa nzima. Mapindo ya chini yalikuwa yamefumuliwa, na mguu mmoja ulishashonwa upya, mrefu kuliko mwenzake. Akaivaa. Mguu ule ulimfika kifundoni sawasawa. Wa pili, uliokuwa bado umebanwa kwa pini penye pindo la zamani, ulimwacha muundi wazi.

"Kumbe mtu huru ana haraka hivyo?" Mama alikuwa mlangoni.

Sudi akautazama mguu mfupi. "Kwani wamesema lini, Mama?"

"Hawajasema, na mimi sijui, mwanangu. Ila wewe unarefuka tu." Akachuchumaa, akachomoa pini. "Simama wima."

Sudi akasimama wima, mguu mmoja tayari, mmoja bado.