Hewa ya Mkaratusi

Wallahi haya ni kweli tupu, na nikiongopa kahawa ya baraza zima iwe juu yangu.

Palikuwa na fundi mmoja mstaafu, mkewe kabanwa kifua. Moshi wa dawa ulimkohoza, na blanketi la kujifukizia lilimzidishia. Basi fundi akalizungusha bomba la shaba ndani ya jiko la makaa, nje ya dirisha. Ncha moja akaifunga kwenye pampu ya baiskeli, ya pili akaiingiza chumbani na kuivika chujio la majani ya mkaratusi. Hewa ikapita motoni, ikapita majanini, mama akavuta harufu isiyo na moshi. Kasoro ilikuwa moja tu: mkono ukisita, hewa inakata. Akapampu siku saba bila kulala.

"Pumzika, baba watoto," mkewe akamwambia.

"Nikipumzika mimi, wewe utavuta nini?"

Hapo Mbarawa, muuza kahawa, akanidaka. "Siku saba bila kulala? Muongo! Lipa."

Nikampa pesa.

"Kwa mkono wa kushoto, mzee mzima!" akafoka. Kisha akauona wa kulia, kiganja chote malengelenge. Akashusha sauti. "Shemeji anaendeleaje?"

"Jirani anampampia. Nimiminie upesi."