Chini ya Kidevu

Leokadia, fundi wa mashine ya mwanga wa kufuta madoa ya ngozi, alimwinua Bi Siwema kidevu kwa kidole, akashangaa. Mashavuni na kwenye paji la uso alishachora kwa penseli nyeupe mabaka yote ya jua na uzee, tayari kuyapiga mwanga. Lakini hapa chini napo pameunguaje?

"Bibi, wewe ulikuwa unaanikwa kichwa chini?"

Bi Siwema alicheka mpaka ile miwani myeusi aliyovalishwa ikamteleza puani. "Mashamba ya chumvi, mwanangu. Miaka thelathini na moja nimevuta reki. Jua la juu unalikinga kwa kofia. Likishagonga chumvi linakurudia kutoka chini, na huko hakuna kofia."

"Basi leo tunapafuta," alisema Leokadia, akapachora napo kwa penseli. "Binti yako kasema kwenye harusi ya mjukuu ung'ae kumshinda bibi harusi."

"Mashavu piga. Paji la uso piga, nimechoka kuitwa chui." Bi Siwema alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta mwenyewe alama nyeupe ya chini ya kidevu. "Hapa pabaki."

"Binti yako atanisema."

"Mwambie mimi ndiye nimekataa. Wenzangu wa chumvini wanakuja harusini. Watanijuaje?"

"Lakini bibi, hapo chini nani atapaona?"

Bi Siwema alirudisha miwani, akajilaza vizuri, kisha akainua kidevu juu kabisa, kama mtu ambaye picha zake za harusi zimeshaanza kupigwa.

"Haya," alisema. "Washa."