Mgonjwa wa Jumatano

Mkojo uliganda. Muuguzi Jepkorir alikuwa ameuchemsha juu ya taa ndogo ya spiriti, kama alivyopima wa akina mama wote wa kliniki ya Jumatano hapo Elburgon. Wa wengine ulibaki maji. Huu uligeuka mweupe, mzito, kama ute wa yai lililoiva.

Alitoka nje mbio. Rahab, aliyeuleta mkojo huo kwa chupa kutoka nyumbani, alikuwa kwenye benchi, kabuti limefungwa hadi shingoni, tumbo limemtangulia.

"Mama Wamaitha, kichwa kinauma?"

"Kinapasuka, sista. Tangu Jumapili."

"Na macho?"

"Yanaona nyota. Miguu nayo imejaa maji. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo."

Jepkorir aliinama akabonyeza. Miguu ilikuwa mikavu, mishipa imechomoza. Akampima presha mara mbili, akaipata sawa kabisa. Akailaani mashine. Mkojo haudanganyi.

"Umekuwa ukila chumvi?"

"Chumvi tuliacha, sista. Maziwa, mayai, mboga, vidonge vya damu, kila ulichosema tumefanya." Sauti ya Rahab ilitetemeka. "Tumekosea wapi?"

"Hujakosea. Panda kitandani nimsikilize mtoto."

"Mikono yako ni baridi." Ilikuwa mara yake ya tatu kukataa kupimwa tumbo, na kila mara alikuwa na sababu yake.

"Basi nisikie. Hiki ni kifafa cha mimba kinakuja. Kikishika, kinaweza kuzika mama na mtoto kaburi moja. Leo hii unalala hospitali, Nakuru."

Rahab alitazama barabara. "Na kama mtu hawezi kutoka nyumbani?"

"Nani anakuzuia?"

"Mzee akijua, atamwaga damu."

"Akijua nini?"

Rahab alikaza vifungo vya kabuti. Jepkorir aliingia ndani kumwita Kahiga, dereva wa kliniki. Waliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Wakimfuata nyumbani kwake, Landrova ilikwama kwenye tope mara mbili. Kahiga aliendesha akitikisa kichwa.

"Huyo mumewe, Mathenge, namjua. Mzee wa kanisa, lakini mkono wake ni shoka. Mwaka jana alimvunja kibarua taya kwa kumsalimia binti yake tu. Afadhali huyo msichana yuko shule ya bweni siku hizi."

Jepkorir hakumsikiliza vizuri. Alikuwa akihesabu saa. Zamani, akiwa bado katika mafunzo, aliwahi kumshika mkono mama aliyekuwa akiona nyota. Mama huyo hakufika jioni.

"Kanyaga mafuta, Kahiga."

Boma lilikuwa kimya. Mathenge alikuwa amepeleka maua ya pareto kwenye chama cha ushirika, majirani walisema, na angerudi saa nane. Jepkorir alibisha mlango wa nyumba kubwa. Hakuna aliyeitika. Ndipo aliposikia mtu akikimbia kutoka banda la kukaushia maua hayo.

Alikuwa Rahab. Kabuti hakuwa nalo. Gauni lilikuwa limemlowa jasho, na lilimlala tumboni bapa kama ubao.

Jepkorir alimkimbilia. "Umejifungua njiani? Mtoto yuko wapi?"

Rahab alimshika mkono, akamvuta, nusu akimburuta, hadi ndani ya banda.

Juu ya magunia ya pareto, kando ya kabuti na mto uliofungwa kamba, alilala msichana, sweta ya shule imetanuka juu ya tumbo la miezi minane, uso umevimba hata macho yamebaki mistari.

"Mama," Wamaitha aliita, akipapasa hewa kwa vidole vilivyojaa maji, "mbona umefunga mlango? Sioni kitu."

Mlango ulikuwa wazi, na jua la saa sita lilikuwa linampiga usoni.