Sindano ya Miezi Mitatu

"Rudia tena," mama alinong'ona. "Umezaliwa lini?"

Mzee aliutaja mwaka. Kwenye mwezi akakwama.

"Wa nne!" Mama akamfinya paja. "Ukikwama hivyo mbele ya muuguzi, tumekwisha."

"Wa nne, wa nne. Mbona nimekuwa kijana ghafla? Utanitafutia na mchumba?"

Mama hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa ameishika kadi ya kliniki kama mtu aliyeshika yai.

Benchi lilijaa wanaume watu wazima, kila mmoja akiukazia macho ukuta kana kwamba kaja kuupaka rangi. Saratani ya tezi dume ina aibu zake. Sindano ya pale haikuiponya. Ilizima homoni za kiume, saratani ikakosa chakula, mtu akaongezewa miaka. Ilitolewa bure, ila kwa wenye kadi tu. Mlangoni karani alikuwa akimrudisha baba mmoja: "Majina mapya mwakani." Mwakani! Utadhani saratani nayo husoma kalenda.

Muuguzi aliyewaita alikuwa mgeni, amehamishiwa hapo wiki iliyopita. Mama alipoiona sura asiyoijua, akashusha pumzi.

"Fundi viatu?" muuguzi alisoma kadi.

"Ndiyo," mama akajibu.

"Leo ni ya kumi na saba. Na mmechelewa siku kumi na mbili."

"Tulikuwa na msiba nyumbani."

"Poleni. Baba, lile joto la ghafla bado linakusumbua?"

Mama akawahi. "Lilimtesa sana! Shuka naikamua kama nguo ya kufua. Feni tunagombania. Nikamwambia, haya, umeonja ya wanawake." Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni.

"Mifupa je?"

"Kutembea kila jioni, kama mlivyoagiza."

"Na moyo? Wengine dawa hii huwasumbua moyo."

Mama aliigeuza kadi. "Moyo... hakuwahi kuulalamikia."

"Mama, mwache na yeye aseme. Au na ulimi tumeuzima?"

Mzee akacheka. "Dada, mimi hapa mzigo tu. Mwenye mzigo ndiye huyu."

Alipanda kitandani kwa awamu, mkono mmoja umeshika kiuno. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamemnyima usingizi mwezi mzima. Muuguzi alifungua sindano, nene kama ya kushonea magunia, akapandisha shati lililokuwa likimbana mabegani. Alitazama tumbo upande wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akapitisha kidole taratibu chini ya kitovu, penye nywele nyingi, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

Kisha akairudisha sindano kwenye boksi.

"Kuna nini?" Mama alisogea kitandani. "Mchome, mwanangu. Nakuomba. Akiikosa, nitamzika na huyu."

Muuguzi alivua glavu. Alikwenda kufunga mlango, akafungua kabati, akarudi na pakiti ya vidonge. Akaiweka kwenye kiganja cha mzee na kumkunja vidole.

"Kimoja kila asubuhi. Sindano hii ikiingia kwenye mwili usioijua, huzichochea homoni kwanza, ndipo huzizima. Saratani ingevimba, na kwa mgongo huo ungeingia hapa kwa miguu yako na kutoka umebebwa. Meza hivi kwanza, mje Jumanne ijayo. Nitakuwa zamu."

Mzee alimtazama mama. Mama alitazama sakafu.

Muuguzi aliichukua kadi, akaipangusa jasho la mikono, akamrudishia mama taratibu.

"Aliyechomwa mara kumi na sita ana makovu tumboni. Hapa hakuna hata moja," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wako alifariki lini, mama?"

Mzee ndiye aliyejibu, huku akishusha shati.

"Wiki mbili kesho, dada. Alikuwa mdogo wangu."