Mstari wa Bi. Mize

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kilitikisika jikoni, na Kombo, karani wa hospitali, akazinduka mbele ya kompyuta. Tangu juzi alikuwa hajatoka nje. Orodha ya wagonjwa wa wilaya nzima, watu laki tatu, ilitakiwa iwe imeingia kwenye mfumo mpya kabla ya dawa kugawiwa asubuhi hiyo. Asiyekuwemo hapati. Nayo ilikuwa imekwama tena, na kila ikikwama, yote hurudi mwanzo.

"Nani kaikwamisha?" mkewe Raya akauliza, akimwekea chai.

"Bi. Mize, yule wa nyuma ya soko. Penye tarehe ya kuzaliwa wameandika 'mwaka wa nzige', na mashine inataka tarakimu. Nikimfuta yeye, wengine wote wanapita."

"Na dawa yake?"

Kombo akasimama, akavaa viatu. Raya akamfungia mkate kwenye kitambaa, akamfungulia mlango.

Nyumbani kwake nyuma ya soko, Bi. Mize hakuweza kuinuka kitandani. Alimpapasa uso mgeni wake, akacheka.

"Tarehe, mwanangu? Niandikie siku yoyote ambayo haijachukuliwa na mtu."

Wakaichagua pamoja, taratibu, wakimega mkate. Kombo akaiandika kiganjani, akasimama. Nje kulikuwa kunapambazuka.

"Na jina la baba yangu, umelihakiki?" bibi akauliza, vidole vyake vikiwa vimeshika shati la Kombo. "Huenda nalo limekosewa. Njoo kesho uniulize."