Tone Moja Nyuma ya Sikio

Waithira alijisugua shingo kwa majivu na sabuni ya kipande mpaka ikamwaka moto, akajinusa, na bado ilikuwapo. Harufu ya ngozi. Si ile ngozi mbichi ya kiwanda cha Thika, inayokufanya uzibe pua ukiwa bado ndani ya basi, bali ngozi tamu, ya tandiko jipya la farasi.

Ilitoka kwenye chupa ya memsaab wake, kwenye shamba la kahawa kule Ruiru. Wazungu nao! Mtu ana bustani nzima ya maua, halafu anaagiza kutoka ng'ambo manukato yanayonukia kiatu. Waithira alicheka siku ya kwanza alipoifungua chupa hiyo akipanguza vumbi mezani. Siku ya pili hakucheka. Alijipaka tone moja nyuma ya sikio, chini ya kitambaa, na tangu hapo akawa anajipaka kila asubuhi, huku kila Jumapili kanisani akiona kama amri ya wizi imeandikwa kwa ajili yake peke yake.

Memsaab mwenyewe hakujua. Hata jina la Waithira hakulijua. Watumishi wa kike wote aliwaita Mary, na hakuwahi kujisumbua kumtofautisha mmoja na mwenzake.

Lakini sasa tone lile lilikuwa limemfikisha pabaya mtu asiye na kosa.

Mwezi uliopita askari, wakiwasaka wanaowafuata wapiganaji wa msituni, waliwakalisha watu wa kijiji kipya cha Gatongora kwenye nyasi, mstari mrefu. Mtu aliyefunikwa gunia la kahawa kutoka utosini hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Hakutamka neno. Alipofika kwa Bedan, mume wa Waithira, aliinamisha kichwa, basi. Bedan akapandishwa lori na kupelekwa kizuizini Manyani. Waithira hakuwa kwenye mstari, kwa sababu watumishi wa nyumba za wazungu hawakuitwa. Aliporudi jioni alimkuta mama mkwe wake, Magdalene, ameketi mlangoni akilia.

Macho ya Magdalene yalikuwa na ukungu, lakini pua yake ilikuwa nzima, na siku hiyo alikuwa ameketi bega kwa bega na mwanawe.

"Huyo wa gunia akiinama hapa," aliwaambia watu, "nilisikia ngozi. Ngozi mpya kabisa."

Na ngozi mpya kijijini ilikuwa ya nani, kama si ya Kagwe fundi viatu, aliyekuwa akienda Thika kununua vipande? Watu wakaacha kumsalimia. Wazee wakamwambia aapie mbuzi, kama ilivyo desturi, ajisafishe. Mtu mwingine angeapa akaenda zake. Kagwe alikuwa ameokoka, mtu wa uamsho, akakataa katakata.

"Damu yangu ni moja tu, ya Yesu," akasema. "Siwezi ongeza ya mbuzi."

Asiyetaka kuapa ana la kuficha, watu wakasema. Na wa mwisho kusemwa hivyo aliokotwa kwenye handaki, amekufa.

Chakula kikamshinda Waithira. Tangu siku ya lori hakuwa ameigusa ile chupa, lakini kila alipojisugua, na kila alipomwona Kagwe akipita peke yake na mfuko wake wa nyundo, harufu ilimjia puani na moyo ukamsuta. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili baada ya ibada, Kang'ethe, binamu ya Bedan, alimleta Kagwe uani kwa Magdalene akiwa amemshika kola. Vijana wawili walisimama langoni.

"Mama, nusa," Kang'ethe akasema. "Ukisema ndiye, hiyo kazi ingine tuachie sisi."

Magdalene akainamia shati la fundi. "Mwanangu ako hai, Ngai ashukuriwe," akasema polepole. "Wale walikuwa waende na yeye msituni, tuliitwa kituoni kuwaona wakiwa maiti, wamepangwa chini kama kuni. Lakini aliyemuuza ni mtu mbaya." Akavuta pumzi. "Hii ni ngozi."

Kagwe akafumba macho, midomo ikicheza kwa maombi.

"Ngojeni!"

Waithira alikuwa ametoka jikoni na chupa mkononi. Alikuwa ameichukua jana kwa memsaab, nzima, na alijua kazi ndiyo imekwisha hivyo. Akajimwagia kidogo kwenye kifundo cha mkono.

"Nusa hii pia, maitu, mama yangu. Ni ya memsaab. Nimekuwa nikimwibia."

Magdalene alinusa. Akanusa tena, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Ni hii," akasema. "Ya Kagwe iko na gundi na jasho. Ile ilikuwa hii."

Kang'ethe aliiachia kola. "Kumbe ni memsaab alikuwa ndani ya gunia! Ndio maana hakufungua mdomo. Angesema tu neno moja, tungejua ni mzungu."

Vijana wa langoni wakaanza kulaani. Kagwe aliketi chini palepale. "Mungu akubariki, dada," akamwambia Waithira, machozi yakimtoka.

Waithira angeweza kunyamaza hapo. Kagwe alikuwa amepona, na wa kulaumiwa alikuwa mtu asiyeweza kuguswa na yeyote wao. Lakini mama mkwe bado alikuwa ameushika mkono wake.

"Sasa huyo mzungu," Magdalene akauliza, "angemjuaje Bedan kati ya watu wote wale?"

Waithira hakuuvuta mkono.

"Hangemjua, maitu, na hakuwa yeye," akasema. "Mimi ndiye nilimjua, na nilijua alikuwa aende msituni na wale."