Alama Kumi za Ujasiri

"Tangu nizaliwe sijawahi kukimbia kitu chenye miguu minne," alisema Abdiqani, akajipiga kifua. "Andika kumi."

"Kumi kati ya ngapi?" aliuliza Rukiyo, dada yake, kipande cha mkaa mkononi, mbele ya ukuta wa alama.

"Kati ya kumi, dada. Unataka nikuongezee ukuta?"

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka uliofuata mafuriko. Jenereta ya banda la video pale Garissa ilikuwa imekufa, na vijana waliozoea filamu za makonde walikuwa wanakufa nayo polepole. Ndipo Abdiqani akabuni mchezo. Kila mchezaji anamuumba shujaa wake, mtu wa kuruka mapaa na kupasua mawe kwa kiganja, kisha mashujaa wanapigana kwa dadu. Dadu ilichongwa kwa sabuni ya kufulia. Hakimu alikuwa Rukiyo, kwa sababu yeye tu ndiye aliyejumlisha bila vidole.

Sheria zote alizitunga Abdiqani mwenyewe, na alizipenda kuliko wali. Shujaa haokotwi hewani. Nguvu, Mbio na Ujasiri wake vinatokana na jambo ambalo mchezaji amelifanya kweli. Unasimulia; asipotokea wa kukupinga, alama ni zako. Ukikamatwa na uongo, alama zako zote zinakwenda kwa aliyekukamata. Na mwenye alama chache kuliko wote hapigani. Huyo ni punda. Kwenye mchezo anabeba mizigo ya mashujaa, na nje ya mchezo anawachotea wote maji bombani mpaka shule zifunguliwe.

Dubow, jirani yao, alikuwa na saba za Nguvu kwa kumnyanyua ndama wa ngamia aliyezama matopeni. Mtaa mzima ulimwona.

Jarso hakuwa na kitu. Alikuwa Mborana kutoka upande wa Wajir, anakaa dawati moja na Dubow, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza katika ua ule. Kisomali alikielewa ila kukisema kulimshinda, kwa hiyo kwa ajili yake walikuwa wanacheza kwa Kiswahili. Kila alipoulizwa amewahi kufanya nini, alijibu, "Mimi nachunga tu."

"Punda wetu tumempata," alisema Abdiqani. "Mpimeni masikio."

Jarso alitabasamu, akanywa chai. Chai ilitoka kwenye birika, tena ilishaanza kupoa. Chupa ya chai ilivunjika kabla ya mafuriko. Rukiyo aliadhibiwa kwa hiyo chupa na mpaka leo anaapa hakuigusa.

"Haya, simulia hizo kumi," alisema Rukiyo.

Abdiqani alisimama. Kisa kama kile hakisimuliwi mtu akiwa amekaa.

"Mwaka jana mama alinituma mashamba ya mtoni. Narudi, magharibi inaingia, nasikia mtoto analia. Yuko juu ya mgunga, amekumbatia tikiti maji kama vile ndilo lililomzaa. Chini kuna fisi. Anauzunguka mti, anapumua hivi: hfff! hfff! Mgongo wake wote vumbi, na karibu na mkia ana upara."

"Mgongo wote uliuonaje?" aliuliza Rukiyo.

"Mimi ni mrefu."

Dubow, aliyempita kichwa kizima, alikohoa ndani ya kikombe.

"Nikamkazia macho," aliendelea Abdiqani. "Nikaruka, nikamtia teke moja. Wallahi yule fisi mpaka leo anakwenda. Nikamshusha mtoto, nikampangusa machozi, nikaenda zangu."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Shujaa haulizi majina."

"Na tikiti ulilokuja nalo nyumbani jioni ile?"

"Alinizawadia."

"Na suruali iliyochanika nyuma?"

"Teke la kuruka, dada! Teke la kuruka halijali suruali."

Hata Rukiyo alicheka. Akawatazama wengine. "Kuna anayepinga?"

Dubow hakuwepo siku ile. Rukiyo hakuwepo. Mkaa ukachora kumi ukutani, kubwa, na Abdiqani akarudi nyuma kuitazama vizuri.

"Jarso, ndugu yangu," alisema kwa huruma ya mshindi, "nafasi ya mwisho. Sema kitu, au ukachukue mtungi."

Jarso aliweka kikombe chini.

"Ninacho kimoja, lakini ni kidogo. Na mimi nilimshusha mtoto mtini."

"Waryaa, wewe! Sasa unaniiga!"

"Ila hakukuwa na fisi. Alikuwa punda. Punda wetu. Tulikuwa tumeleta mbuzi sokoni, akakata kamba, nikafuata nyayo zake mpaka huko mtoni. Masikini, alikuwa anataka tikiti tu."

Dubow akamwagikiwa na chai.

"Hiyo ni alama moja," alisema Abdiqani haraka. "Alama moja ya kumfukuza punda mwenzako." Dadu ya sabuni ilikuwa imeanza kutoa povu mkononi mwake. "Na shahidi je? Sheria ni sheria. Huyo mtoto ana jina? Ana sura?"

"Jina hakusema. Uso nao sikuuona vizuri, giza lilikuwa linaingia, tena ameuficha nyuma ya tikiti. Na yeye juu kule aliona kilemba changu tu."

"Basi! Kilemba! Rukiyo, mwandikie sufuri."

"Lakini alidhani anakufa," alisema Jarso, "akawa anatubu kwa sauti mpaka ikamkauka." Akamgeukia hakimu. "Alikuwa analia: 'Rukiyo, dada yangu, nisamehe! Chupa ya chai niliivunja mimi!'"